Baba alikuwa wa kila mtu, sisi tukapata mabaki

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu hapa Mtwara mjini, kwetu ni Newala. Baba alikwenda vita vya Kagera akiwa kijana wa mgambo. Aliporudi akawa mtu wa watu: msiba ukitokea usiku yeye ndiye wa kwanza kushika sururu, paa la shule likiezuliwa na upepo yeye yuko juu. Mwezi ujao tunamsomea hitima ya mwaka, na kaka zangu wamenipa kazi ya kuandika wasifu wake usomwe mbele ya wageni. Kila nikishika kalamu naukumbuka mwaka alioezeka madarasa siku zilezile tulizopaswa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho. Mikorosho ikashikwa na ubwiri unga, ule ugonjwa wa maua, tukavuna viroba viwili, nami nikakaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa ada ya kidato cha pili. Kaka mkubwa anasema marehemu hasemwi vibaya. Nikiandika sifa tupu najiona mwongo. Nifanyeje? – Binti wa Newala*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa mwaka ule pia, maana inaonekana hakuna aliyewahi kukupa pole yake.

Mtu asiyekulia kwenye mikorosho anaweza kudhani unalalamikia jambo dogo. Wewe na mimi tunajua salfa haina subira. Maua yakianza kutoka, kuanzia Juni hivi, ukipitisha wiki mbili tatu hujapuliza, ugonjwa unayakausha, na Oktoba wenzako wakipanga foleni kuuza korosho kwenye chama cha msingi wewe huna cha kupima. Baba yako alilijua hilo kuliko wewe. Alichagua paa la watoto wa kijiji, na gharama ya uchaguzi ule ikalipwa na mtoto wake. Una haki ya kuumia, hata baada ya miaka yote hii, na hata kama mzee mwenyewe yuko udongoni.

Kaka yako naye ana hoja. Hitima si baraza la kudai madeni. Watu wamekuja kumwombea mzee dua, na mama yenu atakuwa amekaa mkekani akisikia kila neno. Lakini kusimulia kilichotokea si kumsema mtu vibaya. Andika hivi, au kwa maneno yako: "Mwaka ule baba aliezeka madarasa, na salfa ya shamba letu ikachelewa. Nilikaa nyumbani mwaka mzima. Watoto wa kijiji walisoma bila kunyeshewa." Basi. Usiongeze neno la kulaumu wala la kusifu. Wazee waliokuwa juu ya paa lile pamoja naye watakuwapo, na nadhani wapo ambao hawakuwahi kujua lile paa liliwagharimu nini ninyi.

Sasa nikuambie kilichonisumbua zaidi katika barua yako. Mikorosho umeieleza vizuri hata nikaiona. Vita umevipa sentensi moja. Mwalimu Nyerere alitangaza vita tarehe 2 Novemba 1978, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kijana wa Newala, aliyezoea kuutazama mto Ruvuma kule chini akiwa kwenye genge la Shimo la Mungu, alivushwa nchi nzima hadi mpaka wa Uganda. Hujaniambia alikuwa na nani, wala ni nani kati yao hakurudi. Naona hakuwasimulia. Wengi wa rika lake walifanya hivyo, walirudi wakashika jembe na habari ikaishia hapo.

Kwa hiyo kabla hujaandika mstari mwingine, panda gari uende Newala. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1978 sasa anakaribia sabini au ameshapita, na kila masika tunawazika. Watafute waliokwenda naye. Usiwaulize kama waliua mtu, na usiende na simu ya kurekodi siku ya kwanza. Waulize walikula nini njiani, nani alikuwa mchekeshaji wa kundi, nani alizikwa kulekule na nani alimchimbia. Ukitoka hapo huenda ukaanza kuona kwa nini mtu huyu hakuweza kusikia msiba usiku akageukia ukutani. Huenda pia usione. Nakusihi usiitunge sababu kwa kuwa inapendeza kwenye wasifu. Kama alikuwa hivyo tangu utotoni, mdogo wa baba yako au shangazi yako wa damu atakuambia.

Na ukiwa huko, muulize mama mwaka ule wa ada baba alihangaika vipi. Ulikuwa mtoto, hukuwa kwenye mazungumzo yao ya usiku. Pengine aliomba mkopo akanyimwa, pengine hakufanya lolote. Vyovyote itakavyokuwa, jibu la mama ni bora kuliko hilo ulilojijibu peke yako kwa miaka yote hii.

Kwa kuwa unaishi Mtwara mjini, fika siku moja makaburi ya mashujaa ya Naliendele, walikolazwa askari wetu waliokufa Msumbiji. Vita vyao si vya baba yako, lakini tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, wanakumbukwa wote. Mpeleke mwanao mkubwa kama unaye, umwambie babu yake alikuwa mmoja wa walioitwa wakaenda.

Wasifu ukikamilika, usianze kwa kaka. Mpelekee mama kwanza, umsomee taratibu mkiwa wawili tu. Sentensi atakayosema itoke, itoe bila kubishana. Asipoitaja ile ya salfa, mwambie kaka kwamba mama ameisikia na ameiacha.