Jibu: Msalaba wa nyanya wenye vioo vya rangi

Dada, umeuliza kama msalaba ambao marehemu nyanya yako alipewa misheni ya Mumias unaweza kusuguliwa kwa ndimu na majivu ung'ae. Tafadhali usithubutu! Kutu ya kijani uliyoitaja pembeni inaonyesha kuna shaba ndani, na huenda imepakwa dhahabu. Tangu miaka ya 1840 viwanda vya Ulaya vilikuwa vikipaka dhahabu kwa umeme, na utando wake ni mwembamba kuliko unywele. Ukiusugua, haurudi.

Vioo ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi. Vile vyekundu na vya buluu mara nyingi huwekewa nyuma karatasi nyembamba ya madini ili vimeremete. Maji yakipenya, karatasi hiyo hupiga weusi na kioo kinafifia kabisa. Kwa hiyo usiuloweke hata kidogo. Pangusa vumbi kwa brashi laini, kavu. Kutu itoe polepole kwa kijiti cha meno.

Kisumu kuna unyevu wa ziwa, basi ufunge kwa kitambaa cha pamba, si karatasi ya plastiki. Na fundi akitaka kuupaka dhahabu upya, kataa: thamani yake itashuka.