Mkuu, usikate jiwe kabla hujafungua mlango wa oveni

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba fundi wa mawe anakuja Jumamosi kukata graniti, na wewe bado "unasikilizia" kati ya jiko la upana wa sentimita 60 na la 90. Graniti haikatwi kwa kusikilizia. Mpigie umwambie asubiri, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Mchoro wako nimeuona. Safu mbili za kabati zinatazamana, njia ya katikati ni mita 1, ukuta wa jiko mita 2.4, friji kule mwisho, na sinki limekaa safu ya pili likitazamana na jiko lenyewe. Aisee, hapo ni jikoni kwangu kabisa, tofauti rangi ya marumaru. Na unalitaka la 90 kwa sababu muuzaji kakwambia bei hazipishani sana na kwamba "kubwa halijawahi kumshinda mtu". Na mimi niliambiwa hivyo hivyo, neno kwa neno. Nadhani hawa watu wanafundishwa darasa moja.

Sikiliza. Jiko linapimwa likiwa wazi. Wewe, mimi na yule fundi wote tunapima likiwa limefungwa, limenyooka ukutani, linapendeza. Hakuna anayepika oveni ikiwa imefungwa muda wote. Kuna dakika utaufungua ule mlango, trei ina moto, mikono yote miwili imeshika, na mtu mwingine kasimama nyuma yako anaosha vyombo. Hiyo dakika ndiyo inayoamua ukubwa wa jiko.

Tupige hesabu yako. Njia ni sentimita 100. Jiko limeandikwa kina cha 60, sawa na kabati, lakini hiyo 60 mara nyingi haihesabu mshikio wa mlango na zile swichi za mbele, na vitu hivyo vinatokeza sentimita kadhaa kwenye njia. Bado jiko lenyewe halijagusa ukuta, maana nyuma kuna valvu ya gesi au soketi ambayo fundi kaiweka palepale mgongo wa jiko unapotakiwa kukaa. Sasa shusha mlango. Oveni nyingi mlango ukilala unakula karibu nusu mita. Umebaki na njia ya kama sentimita 45, na ndani ya hizo 45 uingie wewe, trei, na makalio ya anayeosha vyombo. Wapangaji wa majiko wa Marekani huwa wanataka njia ya inchi 42, yaani sentimita 107, mpishi akiwa mmoja, na inchi 48, ambazo ni 122, wakiwa wawili. Wewe hata ya mmoja hujafika.

Najua kuna mtu atakuja hapa chini kusema mlango wa jiko la 60 nao unashuka hivyo hivyo. Ni kweli, urefu wa mlango hautegemei upana wa jiko. Ila la 60 unasimama ubavuni, mbele ya kabati, unanyoosha mkono unaifikia trei bila kujipinda. La 90 ukisimama ubavuni, katikati ya trei pako mbali, na trei yenyewe ni pana na nzito zaidi. Kwa hiyo unasimama mbele, na mbele ndiyo hakuna nafasi. Mimi nilikuwa nafungua oveni, narudi nyuma mpaka mgongo unagusa sinki, halafu nainama juu ya mlango wa moto kama nasalimia wakwe. Magoti yangu yana ushahidi. Mtu akicheka, acheke akiwa ameshika tepu mkononi.

Lakini hayo ya magoti ningeyavumilia. Kilichonimaliza ni jiwe.

Fundi wangu wa kabati alikuwa na haraka, akaniambia "wewe lete tu jiko, nafasi itajipanga". Nafasi haijipangi, bwana! Tukaacha uwazi wa jiko la 90, jiwe likakatwa kulia na kushoto, likabandikwa, likang'arishwa, tukapiga picha. Baada ya muda nikakubali kwamba lile jiko haliishiki, nikaliuza kwa hasara nikaleta la 60. Hapo ndipo nikaelewa nilichofanya. Ukiacha uwazi mdogo ukaja kuhitaji mkubwa, unakata tena jiwe. Ukiacha uwazi mkubwa ukaja kuhitaji mdogo, hakuna wa kukuoteshea jiwe. Ule uwazi wa sentimita 30 uliobaki lazima uzibwe, na bamba lililokatiwa lile jiwe la kwanza lilishauzwa likaisha. Graniti ni ya asili, madoadoa ya bamba hili si ya bamba lile hata kama jina ni moja. Nikawekewa kipande kingine. Cha zamani kina chembe ndogo za kijivu, hiki kipya kina mabaka ya kahawia, na kati yao kuna mstari wa gundi ambao kila mafuta yakiruka yanakwenda kulala humo. Nasugua kwa mswaki. Kiko pale karibu na jiko, kila mgeni akiingia macho yanatua hapo, kama kiraka cha suruali ya shule. Kubadilisha jiwe lote ni kung'oa sinki, bomba na vigae vya ukutani, na anayekuambia "ni kazi ndogo tu" mwambie akalipie yeye.

Chini ya hicho kiraka kuna kabati jembamba la sentimita 30, la kuwekea trei zikiwa zimesimama. Ndilo kabati ninalolipenda kuliko yote jikoni, jambo ambalo linaniudhi zaidi.

Na yule muuzaji! Nilimuuliza kabisa, jikoni kwangu ni kwembamba, hili litafaa? Akanionyesha taa mbili za ndani ya oveni. Akanionyesha pleti ya tano ya katikati ile yenye moto mkubwa. Karatasi ya vipimo alikuwa nayo ndani ya droo muda wote, na kwenye karatasi hiyo, majiko mengi, kuna mchoro mdogo wa jiko likionekana kwa ubavu na mlango umelala, na namba ya kina chake chote likiwa wazi. Namba moja tu hiyo. Angeniwekea mezani ningetoka dukani nimepona. Fundi naye alijua kwamba la 90 linahitaji kifyonza moshi cha angalau 90 juu yake, tena wenye ujuzi wanashauri kizidi jiko kidogo kila upande, lakini akaniachia kile cha zamani cha 60 "kwanza tuone". Tuliona. Mvuke wa pleti za pembeni ulikuwa unapanda moja kwa moja kwenye milango ya kabati za juu, na ule ukanda wa kwenye ukingo wa mlango ukaanza kubanduka kuanzia chini, ukijikunja taratibu, hadi ubao wa ndani ukaonekana na kuvimba.

Sasa usinielewe kwamba la 90 ni baya. Kama unapika kwa masufuria makubwa matatu kwa pamoja kila siku, kwenye la 60 yatagombana, hilo halina ubishi. Na zipo za 90 zenye oveni mbili zilizokaa kando kwa kando, milango myembamba, hizo zina unafuu. Ila kuwa macho: zipo pia za 90 ambazo upande mmoja ni kabati la kuwekea mtungi, oveni inabaki ndogo, unalipia upana usioutumia. Na hizo video unazotazama za majiko ya Marekani, usijilinganishe nazo. Kwao cha kawaida ni inchi 30, sentimita 76, na wana hata ya inchi 48, kwenye vyumba ambavyo wewe na mimi tungeweka vitanda.

Meza za pembeni usizisahau. Kila upande wa jiko panatakiwa pa kutua sufuria la moto, angalau sentimita 30 upande mmoja na kama 38 upande wa pili. Wewe kwenye mchoro umelisukuma la 90 mpaka limegusa friji ili upate meza ndefu upande wa pili. Usifanye hivyo. Friji inapigwa joto, na mshikio wa sufuria lazima ugeuke upande mmoja tu.

Gesi au umeme hilo tutaliongea siku nyingine. Kwanza fanya hivi leo usiku. Chukua boksi la katoni, kata kipande cha upana wa jiko unalolitaka na urefu wa mlango wake kama ulivyo kwenye karatasi ya vipimo, kilaze sakafuni kuanzia pale uso wa mbele wa jiko utakapofika, siyo kuanzia ukutani. Kibandike kwa selotepu. Kisha mwite mtu asimame kwenye sinki kama anaosha vyombo, wewe shika trei tupu kwa mikono miwili, jifanye unaitoa oveni na kuiweka mezani. Usikanyage boksi. Fungua na friji, vuta na droo ya jirani uone kama haigongi mshikio. Fanya la 90, halafu fanya la 60. Ukiweza la 90 bila kumgusa mwenzako, lichukue, sina neno. Ukishindwa, umepata jibu na hujakata jiwe lolote.

Ukimaliza tuma picha hapa, boksi likiwa chini na tepu ikionekana namba. Na huyo muuzaji akikupigia, mwambie akutumie ukurasa wenye mlango wazi. Akianza habari za taa za ndani, kata simu.