Maswali yenu: Nikigawa Linux yenye draiva ya NVIDIA ndani, nina kosa?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi ni fundi hapa Arusha, nanunua kompyuta za mtumba nazisafisha nauza kwa mashule na kwa vijana wenye studio. Mwezi huu nimepata HP Z420 kumi, zote zina kadi ya NVIDIA Quadro K2000. Windows halali kwa mashine kumi ni hela nyingi, nimeamua kupiga Debian 12, yaani Linux ya bure. Sasa nataka nitengeneze flashi moja yenye Debian na draiva ya NVIDIA humohumo, mtu anachomeka tu kila kitu kinakubali, maana shule nyingine hazina intaneti na bando la kushusha draiva kwa kila mashine linanimaliza. Mwenzangu mmoja ananiambia hiyo ni kuvunja sheria, ile draiva sio huria na siruhusiwi kuigawa. Mwingine anasema mbona Ubuntu, Linux nyingine, wanaiweka. Nimshike nani? — Fundi, Arusha

JIBU: Fundi, kwanza nikupongeze kwa kuuliza kabla hujauza, maana wengi wanagawa kwanza halafu ndo wanauliza.

Hao wenzako wote wawili wana ukweli nusunusu. Shida ni kwamba hapa kuna wenye mali wawili na kila mmoja ana ruhusa yake, ukimwomba mmoja ukamsahau mwingine ndo unaingia kwenye matatizo. Mmoja ni NVIDIA mwenye draiva. Wa pili ni waandishi wa kerneli ya Linux, yaani ule moyo wa mfumo unaoendesha mashine, ambao ni maelfu kwa maelfu, na kazi yao wameitoa kwa leseni ya GPL toleo la 2.

Tuanze na NVIDIA. Watu wengi wanadhani kitu kikishakuwa sio huria basi hata kukinakili ni marufuku, hapana. Leseni ya draiva yao ya Linux ina kipengele kinachosema faili zao za Linux na FreeBSD unaweza kuzinakili na kuzigawa, ila usizibadilishe kwa namna yoyote, labda kuzifungua tu zilivyobanwa. Ndo maana Debian wanaiweka kwenye ghala lao linaloitwa non-free, Ubuntu wanaiweka kwenye restricted, na tangu Ubuntu 19.10 ya Oktoba 2019 iko mpaka ndani ya ISO yenyewe, yaani lile faili la kuinstolia mfumo. Kwa hiyo kwa upande wa NVIDIA, kumpa mteja faili la draiva kama lilivyo huna kosa. Kosa ni ukilichokonoa.

Sasa kwa watu wa kerneli ndo penye kesi. Draiva sio programu inayokaa pembeni kama LibreOffice, kuna kipande chake kinaingia ndani ya kerneli kabisa na kuungana nayo. Ukifungua lile faili la NVIDIA utakuta sehemu ndogo yenye sosi kodi, yaani maandishi ya programu ambayo mtu anaweza kuyasoma, ambayo inatafsiriwa hapohapo kwenye mashine yako kulingana na kerneli uliyonayo, halafu utakuta na bonge moja linaitwa nv-kernel.o_binary ambalo limeshapikwa tayari na humo ndani huoni kitu. Hivyo viwili vikiunganishwa ndo unapata moduli, yaani kile kipande kinachoingia ndani ya kerneli. GPL yenyewe inasema ukigawa kazi iliyotokana na kerneli lazima uigawe kwa masharti yaleyale ya GPL, sosi kodi na kila kitu, na hilo bonge sosi kodi yake huna na hutaipata. Ila GPL hiyohiyo haikuingilii kwenye matumizi yako mwenyewe, masharti yake yanahusu kunakili, kubadilisha na kugawa. Ukiunganisha nyumbani kwako kwenye mashine yako hakuna mtu wa kukuuliza. Ukiziunganisha ukazichoma kwenye CD ukagawa mtaani, hapo ni habari nyingine.

Na hii sio nadharia. Mwaka 2006 kulikuwa na Linux moja kutoka Australia inaitwa Kororaa, ilitoa CD ya kubuti moja kwa moja, ukiiweka tu unaona madirisha yanazunguka kwenye mchemraba, enzi hizo kilikuwa kitu cha ajabu sana, na ili hayo yawezekane waliweka humo draiva za NVIDIA na ATI zikiwa tayari kwa kazi. Haikupita muda wakaambiwa wanavunja GPL, na ukazuka mjadala mrefu. Watu wa kerneli wenyewe mpaka leo hawaongei lugha moja kwenye hili, wapo wanaosema moduli isiyo huria haikubaliki kabisa na wapo wanaosema inategemea. Sasa fundi, wewe unauza mashine kumi Arusha, mi sioni sababu ya kujiingiza kwenye ubishi wa namna hiyo wakati njia safi ipo na haina gharama ya ziada.

Angalia wanavyofanya Ubuntu, maana wana wanasheria na bado wanajihadhari. Vile vifurushi vyao vya draiva iliyotafsiriwa tayari wamevigawa vipande: kimoja kina objekti za moduli, yaani vipande vyake kabla havijaunganishwa, kingine kina sahihi yake, na kuunganisha kunafanyika kwenye mashine ya mtumiaji wakati wa kuinstoli. Ni kama mama ntilie anavyokufungia wali mfuko wake na mchuzi mfuko wake, unachanganya ukifika kwako. Debian nao njia yao ni DKMS, yaani moduli inatengenezwa palepale kwenye mashine husika, na kila ukipata kerneli mpya inatengenezwa upya yenyewe.

Kwa hiyo flashi yako iwe hivi: ISO ya Debian 12 yenyewe bila kuguswa, na pembeni yake mafolda mawili ya vifurushi vya deb, yaani mafaili ya kuinstolia programu kwenye Debian. Nasema mawili na nina sababu. Mimi niliwahi kukaa siku nzima kwenye maabara ya shule moja, mashine nane, vifurushi vyote nimevirundika folda moja, nikainstoli kwa mkupuo, hakuna kosa hata moja lililotokea kwenye skrini, nikasema leo nimemaliza mapema. Kuwasha upya, zote nane nyeusi tii. Kumbe heda za kerneli nilizobeba, yaani mafaili ambayo DKMS inayahitaji ili itengeneze moduli, zilikuwa za toleo jipya kuliko kerneli iliyokuwa kwenye zile mashine, kwa hiyo DKMS ilikosa heda za kerneli iliyopo na moduli haikutengenezwa, huku Nouveau, ile draiva huria, ilishazimwa na kifurushi cha NVIDIA. Mashine ikawa haina draiva hii wala ile. Hilo sitaki likupate.

Chukua mashine moja, ipige Debian kutoka ISO hiyohiyo utakayoigawa, iunganishe na intaneti. Kwenye sources.list, faili linaloorodhesha maghala ya Debian, hakikisha mistari inaishia na main contrib non-free non-free-firmware, halafu apt update. Kwanza shusha kerneli na heda zake bila kuinstoli: apt-get install --download-only linux-image-amd64 linux-headers-amd64. Zitakaa /var/cache/apt/archives, zikopi kwenye folda la kwanza, kisha ndo uziinstoli na uwashe upya mashine. Sasa instoli kitu kinaitwa nvidia-detect ukiendeshe kikusomee kadi, hiyo K2000 ni ya kizazi cha Kepler kwa hiyo draiva ya kawaida haiihudumii, kitakuelekeza kwenye nvidia-tesla-470-driver. Safisha lile ghala kwa apt-get clean, shusha draiva hiyo kwa --download-only vilevile, kopi folda la pili. Kwenye mashine ya mteja unaingia folda la kwanza, sudo apt install ./*.deb, unawasha upya, unaingia folda la pili, hivyohivyo. Ukimaliza andika dkms status, ukiona neno installed pembeni ya namba ya kerneli unayotumia, washa upya kwa amani. Bando umetumia mara moja tu kwa mashine zote kumi.

Leseni ya NVIDIA usiifute, kila kifurushi kinaiweka chini ya /usr/share/doc kwenye faili la copyright, iache hapo. Na mteja mwambie wazi kwamba ndani ya mashine yake kuna kitu kimoja sio huria. Hili naomba ulichukulie kwa uzito, maana mwalimu ukishamwambia Linux ni huria anaamini yote ni huria, ana haki ya kujua.

Lingine, na hili pengine litakuokolea kazi nusu: mashine zinazoenda shule usiweke kabisa draiva ya NVIDIA. Nouveau iko ndani ya kerneli toka 2.6.33 ya mwaka 2010, ni huria, na kwa Kepler inajitahidi vizuri. Watoto wanaoandika kwenye LibreOffice na kufungua kurasa za intaneti hawataona tofauti. Isitoshe hiyo 470, kwa kadi za Kepler NVIDIA wameacha kutoa marekebisho ya usalama tangu Septemba 2024, kwa hiyo ukiifunga kwenye mashine ya shule unawaachia kitu ambacho tundu likipatikana hakuna wa kuliziba. Vijana wa studio wanaorenda picha za 3D kwa Blender kupitia CUDA, ile njia ya NVIDIA ya kufanyia hesabu kwenye kadi, hao sawa, bila draiva ya NVIDIA hawana kazi, wawekee na uwaeleze hilo la usalama.

SWALI: Assalaam aleikum kaka. Laptopu yangu ina GTX 1650, fundi mmoja alinipigia Ubuntu akaweka draiva kwa faili la .run alilokuwa nalo kwenye flashi yake. Ilikuwa poa wiki tatu, jana nimekubali apdeti, leo nawasha skrini nyeusi. Nimeumia maana kazi zangu zote zimo humo. — Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam dada. Kwanza pumua, kazi zako zipo, hazijaguswa. Apdeti imekuletea kerneli mpya, na lile faili la .run linatengeneza moduli ya kerneli iliyokuwepo siku ile tu, kama fundi hakuiunganisha na DKMS basi kerneli mpya haina moduli. Washa laptopu ukibonyezabonyeza Esc au ukishikilia Shift mpaka ije menyu ya GRUB, ile ya kuchagua kerneli ya kuwashia, ingia Advanced options, chagua kerneli ya zamani, itawaka kama kawaida. Ukishaingia kopi kazi zako pembeni kabla ya yote.

Halafu ondoa ile draiva kwa sudo nvidia-uninstall, na uweke ya Ubuntu wenyewe kwa sudo ubuntu-drivers install. Hiyo inakuja pamoja na apdeti za kerneli na imeshasainiwa na Ubuntu kwa ajili ya Secure Boot, ule ulinzi unaokataa kisichosainiwa wakati mashine inawaka. Ikitokea ikakuomba utengeneze paswadi wakati wa kuinstoli, iandike mahali, ukiwasha upya itakuja skrini ya bluu na una sekunde kumi tu za kubonyeza kitufe chochote, uchague Enroll MOK uingize ile paswadi. Watu wengi hawaelewi ile skrini ni ya nini wanaiacha ipite, draiva inagoma, halafu wanalaumu kadi.

Na mafundi mnaosoma hapa, jamani, .run ya kwenye flashi msimwekee mteja asiye fundi. Mnamwachia mtego ambao utafyatuka siku hampo.

SWALI: Nilisikia NVIDIA wameshafungua sosi kodi tangu 2022, sasa haya yote ya nini tena? — Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Mdogo wangu, ulichosikia ni kweli ila sio chote. Mei 2022 walitoa sosi kodi ya ile sehemu inayoingia kwenye kerneli, kwa leseni mbili, MIT na GPL, na ni hatua kubwa, ukikumbuka kwamba mwaka 2012 kule Finland Linus Torvalds aliwanyooshea kidole cha kati mbele ya kamera kwa jinsi walivyokuwa wagumu. Ila inahudumia kadi za Turing kuja juu, yaani GTX 16, RTX 20 na zilizofuata. Quadro K2000 za fundi wetu wa Arusha hazimo. Na maktaba za nje ya kerneli, OpenGL yao, Vulkan, CUDA, bado zimefungwa, pamoja na fimuwea, ile programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Kwa hiyo kwa mwenye RTX anayetumia hiyo iliyofunguliwa ule ubishi wa GPL umeisha, lakini masharti ya NVIDIA kwenye hizo maktaba yako palepale, unagawa bila kubadilisha.

Kama una kadi ya namna hiyo na unataka kujua unatumia ipi, fungua terminali uandike modinfo -F license nvidia. Ikikujibu NVIDIA peke yake, ni ile ya zamani iliyofungwa. Ikijibu Dual MIT/GPL, unayo ile iliyofunguliwa.