Yule mtoto alikuwa wa nani

Mwanangu Akiiki,

Ujumbe wako ulinikuta nachambua maharage, nikayaacha. Unauliza kile kisa kifupi cha The Rule of Names kikae wapi katika hadithi nzima ya Earthsea, ile dunia ya visiwa na wachawi aliyoibuni Mmarekani Ursula Le Guin: kinatokea kabla Ged, yule mchawi kijana, hajakwenda kisiwa cha Pendor kumkabili joka, au baada? Na jibu unalitaka kabla ya Jumamosi, kwa sababu umebishana na wenzako mnaosoma pamoja huko Ntinda, Kampala, ukawaambia mama yako mwalimu atamaliza ubishi. Haya. Umenipandisha cheo bila kuniongeza pensheni.

Ngoja nikieleze kisa nilivyokishika, unisahihishe nikiteleza. Kisiwa kidogo, Sattins. Yuko mchawi mnene anayeitwa Mr Underhill, mpole, uganga wake wa kubahatisha, watu wanamvumilia kwa kuwa hawana mwingine. Mwalimu Palani anawafundisha watoto kanuni ya majina: usimwulize mtu jina lake la kweli, na lako usilitaje, maana anayelijua jina lako amekushika. Anafika mgeni, Blackbeard, anatafuta mali iliyotoweka Pendor. Anadhani huyu mnene ni mchawi mwizi tu, basi anamwita kwa jina la kweli, Yevaud, ili alazimike kuonyesha umbo lake la kweli. Na analionyesha. Umbo lake la kweli ni joka. Habari za Blackbeard zinaishia hapo.

Halafu kwenye kitabu kikubwa, A Wizard of Earthsea, kijana Ged anakwenda Pendor peke yake na mashua, anamwita joka wa pale Yevaud. Hakuna aliyemnong'oneza. Amekisia kutoka kwenye habari za kale za majoka alizosoma Roke, kisiwa chenye shule ya wachawi. Joka anashikwa kwa jina lake, anaapa kwamba yeye na wanawe hawatakanyaga visiwa vya watu.

Kwamba ni joka yule yule, hilo lisiwanyime usingizi. Jina ni moja, Pendor ni moja. Kisa kifupi kilitoka kwenye jarida mwaka 1964, kitabu kikafuata mwaka 1968. Na msimamo wangu unaujua tangu ukiwa na meno ya maziwa: hadithi ndogo ndiyo mama, kitabu kikubwa ndiye mtoto. Watu wanaokota hadithi fupi baada ya kumaliza vitabu vyote, wanaitazama kama makombo yaliyoanguka mezani. Ndiyo iliyopika, jamani!

Lakini suala lako limenirudisha Kasese, na nikishafika Kasese unajua sitoki mapema.

Babu yako Araali, alipokuwa akibadilisha njia za treni pale stesheni, alikuwa na hadithi moja tu. Wenzake wa kwota za reli walikuwa nazo kumi kumi: Wajaluo, Wakamba, yule Msoga wa nyumba ya mwisho aliyetuchekesha hadi tukajikojolea. Zote kwa Kiswahili, kwa sababu reli ilikuwa Kiswahili. Babu yako alikuwa na ile ya mfinyanzi. Mfinyanzi Rubumbi ameshuka mtoni, anakuta kitoto kichanga kimenasa, maji yameshindwa kukichukua. Anakitoa, anakifuta, anakipeleka nyumbani, kinakua kati ya vyungu. Basi. Tukiuliza mtoto alikuwa wa nani, alisema treni ya mizigo inakaribia, akachukua taa yake akatoka. Miaka yote ile nikaamini kuna treni inayokuja kila tunapouliza swali hilo.

Bibi, mama yake, alikuwa akija kutoka Fort Portal wakati wa likizo, na yeye alikuwa na ndefu. Mfalme Isaza wa zamani sana, na Nyamiyonga mfalme wa kuzimu, anayemtumia wajumbe akitaka wachanjiane, wawe ndugu wa damu. Isaza anaogopa. Anamtoa Bukuku, mlinzi wa lango, atafune buni iliyochovywa damu kwa niaba yake. (Bibi alikuwa na buni zake kwenye kitambaa, alitafuna moja akifika hapo, nasi tukasisimka mwili.) Nyamiyonga akigundua amedanganywa anamtuma binti yake, Nyamata, mzuri kupita kiasi, aolewe na Isaza na asitaje kabisa baba yake ni nani. Unaona? Kanuni ya majina, na hakuna aliyetuletea kutoka Marekani. Isaza anaishia kuzimu akifuata ng'ombe. Mlinzi wa lango anakalia kiti cha mfalme. Waaguzi wanamwambia amwogope mtoto atakayezaliwa na binti yake, Nyinamwiru, naye anamtoboa binti jicho moja na kumkata titi moja ili asitazamwe na mwanamume. Anatazamwa. Anazaa. Mtoto anatupwa mtoni. Hapo bibi alifunga kitambaa chake. Mtoto amekufa majini, kalaleni.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu ndipo nikaona. Nilikuwa bwenini, kidato cha kwanza, mwaka 1971, tukaambiwa tuandike kwa Kiingereza hadithi ya nyumbani. Nikaanza na mfinyanzi, maana ni fupi na Kiingereza changu kilikuwa kifupi pia. Nikaandika mto, nikaandika mtoto, kalamu ikasimama. Mtoto wa mtoni! Wa bibi anaingia majini, wa baba anatoka majini. Nyumba ile ile, watu wawili wa damu moja, kila mmoja ameshika nusu na hajawahi kuitaja nusu ya mwenzake. Akiiki, sijui kama umewahi kupata furaha ya namna hiyo. Niliandika kurasa kumi na moja. Mkono ulivimba.

Mwalimu, jina lake silitaji, alinipa nne kwa ishirini. Wino mwekundu: "Umeulizwa hadithi moja. Hizi ni mbili, umezishona wewe." Akasoma vipande mbele ya darasa kwa sauti ya kuigiza. Hilo nimekusimulia mara nyingi, na mara zote nimekwambia ndilo lililonifanya niwe mwalimu, ili nisiwe kama yeye. Lakini sijakusimulia mwisho wake.

Likizo nilipofika nyumbani nilimwendea baba kwanza. Alikuwa anasafisha kioo cha taa. Nikamwambia mtoto wa mfinyanzi ndiye Ndahura, mjukuu wa Bukuku, atakayerudi amuue babu yake na kuwa mfalme wa kwanza wa Wachwezi. Hakuinua kichwa. "Kwani ulifikiri yule mtoto alikuwa wa nani?" Akaendelea kufuta kioo. Nikaruka ruka uani kama mwehu.

Nikamkimbilia bibi. Nikamwambia, bibi, yule mtoto wako hakufa! Baba anaye! Aliokolewa na mfinyanzi!

Bibi aliniangalia kwa muda. Akasema, "Huyo wa baba yako ni mtoto mwingine."

Nikabisha. Nilibisha, mwanangu, kama mtu mwenye stakabadhi mkononi: mto ni mmoja, umri ni mmoja, hesabu inakubali. Akanyanyuka akaingia ndani, na hakusimulia tena likizo ile. Baba aliniita nje, akaniambia maneno mawili matatu kuhusu mto Mpanga na kaka yake mkubwa. Hayo unayajua, siwezi kuyaandika hapa. Mimi nilikuwa siyajui. Nilikuwa najua hadithi tu.

Sasa turudi kwa joka wako, maana naona umeanza kutazama saa.

Baadaye, nikiwa tayari nafundisha, nilikutana na kitabu cha Nyakatura cha wafalme wa Bunyoro-Kitara, cha mwaka 1947. Humo mfinyanzi na mlinzi wa lango wamo katika masimulizi mamoja, bila mshono kuonekana. Nilitamani kumpelekea yule mwalimu, nikasikia amehama. Basi baba alikuwa sahihi. Nami sahihi, wino mwekundu ukakosea. Hivyo ndivyo nilivyojiambia miaka mingi. Siku hizi sina uhakika wa namna hiyo. Nyakatura naye alikusanya kwa wazee, kila mzee na kipande chake, na huenda kulikuwa na bibi mahali fulani aliyemwambia "huyo ni mwingine", naye akaandika kwa adabu, akashona. Kitabu kikishachapwa, uzi hauonekani.

Kwa Le Guin ni afadhali, kwa sababu uzi na sindano vyote ni vyake. Lakini hata yeye hakuvitandika vyote. Kwenye kisa chake kingine cha mwaka ule ule wa 1964, The Word of Unbinding, kuna majitu yanayolinda mfungwa, na katika vitabu vikubwa majitu hayo hayaonekani tena, kana kwamba yalihama bila kuaga. Kisa hicho hicho kinampeleka mchawi Festin kwenye nchi ya wafu, na nchi hiyo ndiyo utakayoikuta imepanuliwa katika The Farthest Shore ya mwaka 1972. Kipande kimoja kimemea, kingine kimeoza. Mama huzaa, hachagui nani atarithi pua yake.

Na hapo najikamata mwenyewe, maana nimesema hadithi ndogo ndiyo mama. Vipi kuhusu Dragonfly? Hicho ni kisa kifupi cha mwaka 1998, baada ya vitabu vinne, na ndicho kinachokuvusha kutoka Tehanu ya mwaka 1990 hadi The Other Wind ya mwaka 2001. Ukikiruka, utaingia kitabu cha mwisho ukiuliza yule mwanamke ametoka wapi. Huyo si mama wa mtu. Labda ni shangazi aliyekuja harusini akaokoa shughuli. Sawa, nimekubali: si kila hadithi ndogo ni mama. Lakini za 1964 ni mama, hapo sisogei.

Kabla au baada? Tazama. Ukisema baada, Yevaud ameapa kwa jina lake mwenyewe kutowafuata watu visiwani, na kiapo cha namna hiyo katika dunia ile hakivunjiki kwa njaa. Amefikaje Sattins? Ukisema kabla, basi baada ya kujulikana ameondoka Sattins, akarudi Pendor akazaa au akakuta wana, kisha Ged akaja. Lakini kule Sattins ni mpweke, hana hata mtoto mmoja, na ukiwa na wana hutajifanya mganga mnene mbali nao bila kuwataja hata kwa kuguna. Na kama jina lake lilikwisha kutajwa kwa sauti na Blackbeard, mbona Ged analazimika kulikisia kwenye vitabu vya kale? Kwa upande mwingine, walioona ni nani? Birt, kijana wa kisiwani, alikimbia, akamwambia Palani jina lake la kweli ili amwamini, naye akampa lake, wakapanda mashua wakaenda zao. Watu waliokimbia hivyo hawaandiki historia za Roke.

Hapo pa Birt na Palani ndipo nipendapo kuliko pa joka, na ndipo wenzako wa Ntinda wataruka. Kisa kizima kinasema usitaje jina lako, na mwisho wake ni watu wawili wanatajiana. Sisi Batooro hatungeelewa hofu yao haraka, empaako yako, lile jina la heshima na mapenzi, anaitumia hata muuza nyanya. Lakini lile jina jingine, alilokupa bibi, nani anakuita nalo? Mimi tu, tena nikiwa na hasira.

Unataka hukumu. Ukinibana sana nitasema kabla. Nimeisema? Sijaisema. Hapo nyuma, mwaka 1971, ningekuandikia kurasa kumi na moja kuthibitisha kabla, kwa mishale na mistari. Kisa kina haki ya kukaa kwenye kisiwa chake. Lakini jina ni lile lile, Akiiki, na mtu haandiki jina lile lile mara mbili kwa bahati mbaya. Waambie mama anasema... hapana. Waambie mama bado anasoma.

Daftari la insha lile ninalo, liko chini ya sanduku la bati, panya wamekula pembe moja tu. Nitamtuma nalo dereva wa basi la Ijumaa pamoja na buni kidogo za kutafuna. Usimwonyeshe Abwoli ile nne kwa ishirini kabla hajasoma. Na akifika kwenye mto, akikuuliza mtoto alikuwa wa nani, nipigie simu nimsikie ukimjibu.

Mama yako,
Adyeeri