Usiwaanzishie ile inayosifiwa: nilivyowanasa watu wa Kirumba kwa Fawlty Towers

Mkuu, umesema una kichekesho chako cha Kiingereza unachokipenda, ila kila unayemkalisha mbele ya TV dakika ya tano anainuka akisema hayo ni mambo ya kizee, na unauliza wenzako tunafanyaje. Mimi nimepita humo humo. Nilikaa mapokezi ya gesti moja Kirumba, hapa Mwanza, miaka minne, na katika miaka hiyo nimewatia watu kadhaa ugonjwa wa Fawlty Towers. Ila wa kwanza watatu niliwapoteza kwa ujinga wangu mwenyewe, kwa hiyo nianze na hao.

Kwa wasioijua: ni hoteli ndogo ya kubuni kwenye mji wa pwani unaoitwa Torquay, kusini magharibi mwa Uingereza. Mwenye hoteli ni Basil Fawlty, mtu anayechukia wageni halafu kachagua kazi ya kupokea wageni. BBC walionyesha vipande 6 mwaka 1975, wakakaa kimya, wakaja na vingine 6 mwaka 1979, basi. Jumla 12, kila kimoja nusu saa. Basil anachezwa na John Cleese, na aliyeandika naye ni Connie Booth, mkewe wakati huo, ambaye ndiye Polly, yule mhudumu mwenye akili timamu peke yake pale ndani. Sizoni ya pili inatoka tayari walikuwa wameshaachana, na bado waliiandika pamoja. Mimi na mzazi mwenzangu hata ada ya mtoto tunaijadili kwa meseji.

Boksi la DVD aliniachia mgeni Mwingereza aliyekuja kwa shughuli za samaki. Akaniambia mtu wa mapokezi lazima aione hii. Nikaiangalia zamu za usiku, kitabu cha wageni kimefungwa, upepo wa ziwani unagonga madirisha, nacheka peke yangu mpaka mgeni wa chumba cha tatu akaja kuuliza kama niko salama.

Sasa kosa. Nikakusanya mlinzi wetu (mzee mmoja tuliyemwita Babu), dada wa usafi, na kijana wa jikoni, nikawawekea kipande cha Wajerumani. Kwa nini hicho? Kwa sababu kila ninakosoma wanasema ndicho bora. Basil kapigwa kichwani, katoroka hospitali, wamekuja wageni kutoka Ujerumani, yeye kajiapiza kutotaja vita mbele yao, na kila akifungua mdomo inatoka vita. Waingereza wanakufa kwa kicheko hapo. Wangu wakakaa kama wako msibani. Mwishowe Babu akauliza: "Hao Wajerumani ndio wale wale wa jiwe la Bismarck?"

Swali la haki kabisa. Mtu aliyezaliwa Mwanza, Mjerumani kwake ni jina la lile jiwe lililosimama majini pale karibu na Kamanga, na hadithi za wazee za enzi za viboko. Vita ya Hitler na aibu wanayoionea wale wa kule si vitu anavyobeba mfukoni. Nikaanza kueleza. Nimeeleza vita kuu ya pili dakika kumi, umeme ukakatika, nikashukuru. Utani ukishauelezea umeuchinja.

Wiki mbili baadaye tajiri akamleta fundi. Hapa ndipo niliposhika ufunguo, na wala sikuutafuta. Tajiri alikuwa na fundi wake wa siku zote, ila safari hii kapata wa nusu bei, wa kubadilisha choo cha chumba namba saba. Jamaa kafanya kazi siku mbili, kalipwa, kaondoka. Naingia kukagua: mlango wa choo unafunguka kuja chumbani, na unagota kwenye kitanda. Upenyo unaobaki unapita mkono tu. Ili mgeni aende haja lazima kwanza asogeze kitanda cha futi tano kwa sita. Tukasimama pale mlangoni wanne, hakuna anayesema kitu, kisha dada wa usafi akaketi juu ya kitanda akacheka mpaka akalia.

Usiku ule ule nikaweka kipande cha mafundi, cha pili katika sizoni ya kwanza. Basil anasafiri na mkewe, Sybil, wikiendi. Mke kamwambia amchukue fundi wa maana anayeitwa Stubbs. Yeye, kwa kubana hela, kamwita kimya kimya O'Reilly wa bei chee. Anayebaki kuwapokea mafundi ni Manuel, mhudumu kutoka Barcelona ambaye Kiingereza anakibahatisha. Basil anarudi kesho yake, anaingia anajisikia, anaelekea chumba cha kulia chakula, na mlango haupo. Wameuziba. Pamekuwa ukuta, safi kabisa. Anapapasa ukuta.

Mkuu, sikueleza neno. Babu aliinuka kwenye kiti. Kijana wa jikoni alikuwa anapiga meza. Na pale mke anapofika na kumshukia O'Reilly kwa mwavuli, dada wa usafi akawa anahesabu vipigo kwa sauti. Kisha kinakuja kile cha mwisho ambacho nchi yoyote inayojenga nyumba itakielewa: Stubbs anaitwa, anaangalia kazi, anasifu, Basil anavimba kichwa mbele ya mkewe, halafu Stubbs anauliza swali moja dogo, hapa juu ya mlango umeweka lenta ya nini? Ya mbao. Na huo ni ukuta uliobeba ghorofa, mbao haiuwezi. Babu, ambaye ujana wake alikuwa saidia fundi, alicheka kabla ya jibu kutoka. Alishajua.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu hasogei kwenye kichekesho kwa sababu kinasifika, anasogea akiona kitu chake mle ndani. Kwa hiyo nikaacha kuangalia kipi ni bora, nikawa naangalia nani kakaa mbele yangu. Bodaboda wa kijiweni pale nje niliwapa kile cha chakula cha jioni cha wakubwa: mpishi kalewa, Basil anakimbizana kufuata bata kwenye mgahawa wa rafiki yake, gari linamzimikia njiani. Analibembeleza, analihesabia moja mbili tatu, linagoma, anakimbia nje ya picha, anarudi na tawi la mti na kuanza kulichapa gari viboko. Mwenye pikipiki ya mkataba hahitaji tafsiri hapo. Mmoja wao mpaka leo boda yake ikigoma kuwaka anatafuta tawi.

Kuhusu lugha, maana najua utauliza. Usitafsiri kila sentensi. Nilijaribu kujifanya Lufufu, yule wa kutafsiri filamu kwenye vibanda umiza, nikagundua navuruga, maana uzuri wa hii uko kwenye ukimya wa sekunde mbili kabla Basil hajalipuka, na mimi nilikuwa naujaza maneno. Sasa kabla ya kubonyeza pleya nasema kitu kimoja tu: nani anamwogopa nani. Basil anamwogopa Sybil, Manuel anamwogopa Basil, Polly anawafunika wote. Yanayobaki yako mwilini. Cleese ana urefu wa karibu mita mbili, miguu kama ya korongo wa pale Mwaloni, na Manuel anamfikia kifuani.

Ila nisikudanganye kwamba wote wanacheka mahali pamoja. Basil anampiga Manuel. Makofi, kijiko kichwani, kusukumwa. Usiku ule wa mafundi dada wa usafi alicheka mpaka mwisho, ila kwenye kipande kilichofuata, Manuel alipochapwa kofi, alinyamaza. Nikamuuliza vipi. Akasema, "Huyo bosi nimeshafanya naye kazi," akaenda kuanika mashuka. Sikuwa na la kujibu, na sidhani lilihitajika. Mimi binafsi naona kichekesho kiko upande wa Manuel, maana kila kipande anayeumbuka mwishoni ni Basil, lakini hiyo ni hoja ya mtu ambaye hajawahi kupigwa kazini. Nikamwacha. Usimlazimishe mtu. Atarudi au hatarudi.

Alirudi kwa sababu ya bwana afya. Siku moja bwana afya alikuja jikoni kwetu bila taarifa, na sitaeleza alichokikuta nyuma ya jokofu, ila tulipewa muda wa kurekebisha na hatukulala. Kesho yake nikaweka kipande cha mwisho kabisa, cha panya. Bwana afya wa Torquay kasoma orodha ya machafu kaipa hoteli saa 24, wakati huo huo wanagundua Manuel anafuga panya chumbani, yeye anaamini ni mnyama wa Siberia aliyeuziwa dukani, na kampa jina Basil. Panya anapotea ndani ya hoteli siku ya ukaguzi. Mwisho wake yuko ndani ya kopo la biskuti, anachungulia, na biskuti anapewa bwana afya. Dada wa usafi alilazimika kutoka nje kuvuta pumzi. Baada ya hapo yeye ndiye akawa ananidai.

Mambo mengine yaweke akiba. Usianze kwa kumwambia mtu kwamba mwaka 2000 taasisi ya filamu ya Uingereza iliuweka mchezo huu namba moja kati ya vipindi mia bora vya TV ya kwao. Ukimwambia hivyo anakaa kama mtahini. Lakini akishanasa, mpe hizi taratibu, zinanoga: kwamba Basil alitokana na mwenye hoteli wa kweli wa Torquay, ambako Cleese na wenzake walifikia mwaka 1970, na jamaa akachukua mkoba wa mmoja wao akauweka nje nyuma ya ukuta akihofia una bomu. Au kwamba Andrew Sachs, anayecheza Manuel Mhispania, alizaliwa Berlin, na familia yake ilikimbilia Uingereza mwaka 1938 akiwa mtoto kwa sababu baba yake alikuwa Myahudi.

Hiyo ya Sachs nilimwambia Babu, naye akakaa nayo muda mrefu. Kisha akasema turudie kile cha Wajerumani. Nikaweka, safari hii bila hotuba. Ya vita hakucheka sana, alitikisa kichwa tu. Kilichomwangusha kiko kabla ya hapo: Basil anafanya zoezi la moto, anabishana na wageni kengele ipi ni ya wezi na ipi ni ya moto, na katikati ya vurugu hizo jikoni panawaka kweli, Manuel anakuja kupiga kelele, Basil anamrudisha ndani akiamini ni zoezi tu. Babu aliniangalia, akaangalia mtungi wetu wa kuzimia moto pale ukutani, ule tuliokuwa tunaanikia taulo, akaangalia tena TV.

Kilipoisha akauliza vimebaki vingapi. Nikamwambia hakuna, ni 12 tu na umeviona vyote. Akasema haiwezekani, watu wenye kipaji hivyo hawawezi kuacha kazi wakati bado inalipa, lazima mzungu alibaki na boksi jingine. Nikaapa. Akavuta kiti karibu na meza ya mapokezi, akaweka rungu chini.

"Basi rudisha kile cha ukuta."