Kila jioni mama anataka kurudi kwao

SWALI: Shangazi shikamoo. Mama ana miaka 78, tunakaa naye hapa Bombo, daktari kasema ni dimensia, ule ugonjwa wa ubongo wa kusahau. Mchana yuko sawa, ila jua likizama tu anabeba kikapu anasema anarudi kwao Arua, nikimwambia hapa ndo kwako analia. Majirani wanasema karogwa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hajarogwa, ubongo wake unaumwa, na hiyo ya jioni inawapata wengi wenye dimensia. Usibishane naye maana kwake yeye safari ya Arua ni kweli kabisa, muulize tu kule kwao walikuwa wanapika nini, nani alikuwa anachota maji, mnaongea hivyo mnazunguka uani kidogo, mara nyingi mkirudi ndani kikapu kashakisahau. Washa taa kabla giza halijaingia. Vijana wa boda hapo steji waijue sura yake, wakimwona barabarani wakupigie simu.

Ila akibadilika ghafla ndani ya siku moja mbili mpeleke hospitali haraka, inaweza kuwa malaria au maambukizi ya mkojo, na hayo yanatibika. Na wewe unalala saa ngapi? Ita ndugu zako mgawane zamu, hata wikendi tu.