Mwanangu, hiyo kadi usimpe kwanza

Mama yangu, hujambo? Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikiwa shambani sikusikia vizuri. Unasema dalali amekuletea jamaa hapo Tabata anaitaka ile gari yetu Carina, ana milioni 2 na laki 8 keshi mkononi, anachotaka ni kadi orijino ya gari na kopi ya kitambulisho changu kwasababu kadi bado ina jina langu, kuhamisha umiliki atahamisha mwenyewe baadae, sasa unauliza umpe mmalizane?

Kuuza nakuunga mkono kabisa. Gari ya 1998, namba zile za zamani za A, tumeinunua 2005, imekupeleka chuo imekubebea mpaka wanao kutoka hospitali, kila mwezi uko kwa fundi na hela huna, basi iuze. Ila kadi usimpe.

Nikwambie kitu sijawahi kukusimulia, wewe ulikuwa bado sekondari. Ile pikapu niliyokuwa nabebea ndizi niliuza 2010 hivyohivyo, jamaa akahesabu hela juu ya boneti, nikampa kadi tukaandikishana kwenye karatasi ya daftari la hesabu, jina lake na sahihi basi, hata namba ya kitambulisho sikuchukua. Miaka miwili baadae naitwa polisi, pikapu imemgonga mtu wa bodaboda kavunjika mguu na dereva kakimbia, wakifuatilia namba ya gari linatoka jina langu. Nililala ndani siku mbili mwanangu. Mama yako alikuwa anapekua makabati usiku anatafuta kile kikaratasi, alikikuta ndani ya Biblia kimechanika katikati, ndo kikatusaidia mpaka yule mnunuzi akapatikana. Hata leo simu ya namba nisiyoijua ikiita usiku moyo unanipasuka.

Kwahiyo jina kwanza, gari baadae. Mwambie jamaa mnaenda kwa wakili mnaandika mkataba wa mauziano, namba ya chesesi na ya injini ziandikwe, bei, tarehe na hata saa ya kukabidhiana maana kosa la barabarani lina saa yake, alafu TRA, wale wa mapato, kuhamisha jina. Kuna elfu 50 ya kuhamisha na ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei, hiyo kwenye milioni 2 na laki 8 ni elfu 28, na kadi mpya. Akisema ni gharama mwambie tugawane, mi ntatoa nusu, lakini akisema hana muda ujue huyo hanunui gari, ananunua jina la baba yako akalitumie anavyotaka. Kabla ya hapo angalia madeni kwa namba ya gari, faini za trafiki (elfu 30 kila kosa) na parking za TARURA, wale wa barabara, uzilipe au zikatwe kwenye bei, usimfiche mtu. Hela mkutane benki keshia aipitishe kwenye mashine iingie akaunti yako, meseji ya muamala usiiamini mpaka uone salio. Akitaka kuijaribisha gari sawa, ila mdogo wako apande naye na funguo ya pili ibaki kwako.

Na hiyo bei sijaridhika nayo. Dalali lazima ana cha juu chake humo, muulize mnunuzi mwenyewe kaambiwa ngapi uone. Hata ukisema iende kuchinjwa injini yake haili oili, gia boksi nzima, milango haina kutu, watu wa spea Ilala wanazitafuta hizo. Skrepa wanapima kilo za chuma tu, hao ndo wa mwisho kabisa, na ukifika huko namba na kadi zirudi TRA usajili ufutwe zisije zikafungwa kwenye gari ya wizi. Na yule fundi anayesema masega ya kwenye egzozi, yale ya kusafisha moshi, yameziba ayatoe ayatupe, usikubali, humo ndani kuna madini ya thamani kuna watu wananunua, na kama ameshayatoa ayarudishe au akulipe.

Ntapanda basi la alfajiri Alhamisi, Ijumaa twende wote TRA, mwenye jina ni mimi. Leseni, TIN yangu ya mlipakodi na kitambulisho cha NIDA nimeshaviweka kwenye bahasha. Wewe kabla sijafika fungua deshibodi utoe makaratasi yote, na ile rozari ya mama yako kwenye kioo usiiguse, niliifunga mwenyewe siku tuliyoleta gari nyumbani, ntaifungua mwenyewe.

Baba yako,
Moshi